Fundi wa Shaba Isiyotoa Cheche

Kwenye ploti tuliyokuwa tukikaa Ruiru, upande wa nyuma ya stesheni ya treni, mwanamume aliyefua nguo za mkewe alikuwa mmoja tu. Jumamosi asubuhi alitoka na beseni zake, akakunja mikono ya shati, akakaa kwenye kigoda karibu na bomba la maji kama mtu aliyefika kazini. Alifua magauni, vitambaa vya kichwa, sweta, na hata vile vitu vya ndani ambavyo wanaume wengine hawataki hata kuviangalia kwenye kamba. Alizianika nguo kwa mpangilio, kola zikitazama upande mmoja. Wanawake wa ploti walipita na ndoo zao wakichekea mabegani.

"Huyo mzee amekaliwa chapati," walisema, yaani mkewe amemwekea dawa kwenye chakula.

Alisikia. Aliendelea kusugua, na wakati mwingine aliimba sauti ya tenor ya wimbo wa kwaya, polepole, kana kwamba nguo nazo zilihitaji kubembelezwa.

Mimi nilikuwa jirani wa mlango wa pili, mama wa mtoto mmoja, niliyetoka Bungoma na cheti cha kukereza vyuma ambacho hakuna mtu aliyetaka kukiona. Kila karakana niliyobisha Thika waliniuliza kama najua kupika chai. Ndiyo maana nilikuwa nauza mitumba pale stendi. Siku moja alinikuta nikikazia kigurudumu cha cherehani ya mkewe, akasimama akatazama vidole vyangu kwa muda mrefu.

"Nani alikufunza kushika spana hivyo?"

Nikamwambia nilisomea.

"Kumbe. Na unauza matisheti." Akawaza kidogo. "Kesho tupande treni pamoja, tuteremke Thika. Uvae viatu vya kufunika."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba jirani yangu mfua nguo alikuwa ndiye Fundi Mkubwa wa karakana ya moldi, yaani zile kalibu za chuma ambazo plastiki ya moto husukumwa ndani yake ikatoka vifuniko vya chupa, ndoo na vichana. Fundi Mkubwa ndilo jina alilokuwa nalo mahali pale. Hata mwenye karakana, mama tuliyemwita Madam, alimwita hivyohivyo.

Kazi nyingi ilikuwa ya chuma cha kawaida. Lakini mara kwa mara lilikuja boksi dogo zito, na Fundi Mkubwa alilipokea mwenyewe. Ndani mlikuwa na shaba ya beriliamu. Ukiitazama haraka utasema ni shaba tu, labda imeng'aa zaidi, rangi kati ya dhahabu na chapati iliyopakwa mafuta. Lakini ndani ya shaba ile mmetiwa beriliamu kidogo sana, na hicho kidogo ndicho hubadilisha kila kitu. Inakuwa ngumu kama chuma cha pua, na bado inapitisha moto na umeme kama shaba. Ukitia kipande chake katikati ya moldi, mahali ambapo plastiki hukawia kupoa, joto linakimbia na kifuniko kinatoka haraka bila kujikunja. Wengine huitengenezea springi ndogo za swichi, maana inakunjwa na kurudi, inakunjwa na kurudi, haichoki. Bei yake ukiisikia unakaa chini kwanza.

Yeye alipenda zaidi nyundo. Tulikuwa tukiwatengenezea watu wa bohari za mafuta nyundo na spana za shaba hiyo, kwa sababu ukipiga nayo chuma haitoi cheche. Alipomaliza nyundo aliinyanyua akaigonga taratibu kwa ukucha, akaisikiliza.

"Sikia hiyo, maitu. Ni kama kengele ya kanisa ya mbali."

Maitu ni mama kwa Kikuyu, lakini baba humwita hivyo hata binti yake. Aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, nami Mbukusu nikaitika.

"Mtu ako kwa tanki ya petroli," alisema, "anafungua bolti imeshika kutu. Hajui mimi, hajui wewe. Anagonga, na hakuna kitu inatokea. Hiyo ndio kazi yetu. Kufanya kitu kisitokee."

Nyundo ilikuwa salama kuishika, kuigonga, hata kuilalia kama mto. Hilo alilirudia mpaka likatuingia. Chuma kizima hakina ubaya, alisema, ubaya uko kwenye unga wake. Ukiisaga kikavu, ukiipiga msasa, ukiichomelea ikatoa moshi, kuna vumbi jembamba ambalo jicho halilioni, nalo likiingia kifuani halitoki. Kwa hiyo kwenye kona ya beriliamu kulikuwa na sheria zake. Mashine ilikata huku maji meupe ya kupoozea yakimwagika wakati wote, ili unga ushuke na maji usipande hewani. Mdomo wa bomba la kuvuta vumbi ulikaa karibu kabisa na mahali pa kukatia. Hakuna kupuliza kwa upepo wa kompresa, hakuna ufagio. Tulipangusa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kikafungiwa. Nyuzi za shaba zilizokatika zilikaa kwenye pipa lake lenye kifuniko, hazikuchanganywa na chuma kingine, na aliyekuja kuzinunua aliambiwa wazi ni nini. Barakoa zetu zilikuwa zile nzito za kichujio, na alikuwa akitupima nazo usoni kama mama anayemfunga mtoto kofia. Chai haikuingia pale, hata chembe ya karanga mfukoni haikuingia.

Na jioni, ovaroli zilibaki. Viatu vilibaki. Tulioga karakanani, tukavaa nguo za nyumbani, ndipo geti likafunguliwa. Katika hayo yote hakuna aliloshikilia kuliko hilo. Niliwahi kumwona akimrudisha fundi mmoja kutoka stendi kwa sababu alikuwa ameondoka na kofia ya kazi kichwani.

"Haraka haraka haina baraka," alimwambia, "na pia haina mapafu."

Usidhani alikuwa mtu wa kuogopa kila kitu. Mtu huyuhuyu alipanda boda boda kutoka stesheni bila helmeti, akisema helmeti za abiria zinanuka vichwa vya watu. Nilimgombeza, akacheka. Alikula nyama ya kuchoma yenye mafuta hadi daktari akamkanya, kisha akala akiwa amegeukia ukuta. Alikuwa mkali wa maneno lakini mwepesi wa machozi. Kwaya ikiimba vizuri alitoa leso. Alisema "rabda" badala ya "labda" na "kalakana" badala ya "karakana", na ukimsahihisha alikuuliza kama unataka kukereza Kiswahili au unataka kukereza shaba.

Mkewe nilimpenda kabla ya kumpenda yeye. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache yenye chumvi. Alikuwa akiuza mboga sokoni, lakini nilipowakuta alikuwa ameshaacha, kwa sababu kubeba gunia la sukuma wiki kulimkatisha pumzi. Alikuwa akitembea hatua chache, anasimama, anajifanya anaangalia kitu. Anaangalia ua la mtu, anaangalia tangazo la nyumba ya kukodi. Ukiwa naye ulijifunza kuangalia pia, ili asione kama anasubiriwa.

Nilidhani ni pumu. Fundi Mkubwa ndiye aliyeniambia, siku ya kwanza aliponiruhusu kukata ile shaba peke yangu. Mchana tulienda kula githeri kibandani nje ya geti, akasukuma sahani yake pembeni.

"Kabla uendelee na hiyo kazi, kuna kitu lazima ujue," akasema.

Zamani, kabla ya kufika kwa Madam, alifanya kazi kwenye karakana nyingine ambayo siku hizi haipo tena. Huko walikata beriliamu kama shaba yoyote. Walipiga msasa kikavu mpaka iwe kioo, wakapuliza kwa kompresa, wakacheka vumbi likiwang'arisha nyusi. Hakuna aliyewaambia, na hakuna aliyeuliza. Jioni alirudi Ruiru na ovaroli yake, na mkewe alimpokea mlangoni. Kabla ya kuiloweka aliikung'uta nje, kwa nguvu, kama mwanamke anayejua kufua.

Kikohozi cha mkewe kilianza taratibu. Wakamtibu kifua kikuu, maana picha ya kifua ilifanana. Alimeza zile dawa mpaka mwisho, hakupona. Wakaanza tena. Watu wa kanisa wakawa wanakaa mbali naye kwenye benchi. Akazidi kukonda. Ndipo katika hospitali moja kubwa ya Nairobi daktari msichana akaacha kutazama picha, akamgeukia yeye mume.

"Aliniuliza, baba, wewe unafanya kazi gani? Nikashangaa. Mgonjwa si mimi. Nikamwambia, mimi ni fundi, nakata vyuma. Akauliza, vyuma gani? Nikaanza kumtajia. Nilipofika hiyo moja, akaweka kalamu chini. Akamuuliza mama, nguo za kazi za mzee nani anafua?"

Mwenye kibanda akaja kuondoa sahani, akaona uso wake, akarudi.

"Mimi nilikula hiyo vumbi kama unga, maitu. Kifua changu kiko sawa. Wamepima, wamerudia, hakuna kitu. Huu ugonjwa unachagua. Wengine inawapita tu, na mwingine kidogo inamtosha. Ingenichagua mimi ningejua cha kufanya."

"Na hukuacha hii kazi?"

"Niliacha. Nikakaa nyumbani. Mama akaniambia nikiendelea kumtazama hivyo atapona kwa hasira." Akatabasamu kidogo. "Halafu nikafikiria, hiyo shaba bado itakatwa. Wataikata vijana hawajui kitu, wakiwa na mabibi nyumbani. Nikaja kwa Madam, nikamwambia nitakata, lakini kwa masharti."

Nikamuuliza kama haichukii ile shaba. Nilikuwa nimemwona asubuhi ileile akiigonga kwa ukucha na kuisikiliza.

"Niichukie kwa nini? Shaba haikunifuata nyumbani. Ni mimi niliibeba."

Walikuwa na kipande cha shamba Gatuanyaga, walichokinunua wakiwa vijana. Mpango ulikuwa wazeekee huko, wafuge mbuzi, mama apande maembe ya kupandikiza. Lakini Gatuanyaga ni kukavu, na pikipiki moja ikipita barabarani vumbi hukaa hewani mpaka ije nyingine. Waliwahi kulala huko, na kesho yake wakamkimbiza mama Thika midomo ikiwa imebadilika rangi. Hawakurudi tena. Alipolitaja shamba lile alilitaja kama mtu anavyomtaja ndugu aliye ng'ambo, kwa habari tu: mvua imenyesha, ua limeanguka upande wa mashariki.

Kuna siku moja ambayo ilinionyesha huyu mtu ni nani, na nitaisimulia yote.

Mteja wetu mkubwa wa vifuniko alileta moldi iliyopasuka kipande chake cha katikati, kile cha beriliamu. Kiwanda chake kilikuwa kimesimama, na watu wake walikuwa wamekaa nje wakisubiri. Alitaka ufa uchomelewe, usagwe, apate moldi yake siku hiyohiyo. Na siku hiyo mota ya bomba la kuvuta vumbi ilikuwa imeungua.

Fundi Mkubwa alikitazama kipande, akakirudisha ndani ya boksi.

"Hatuwezi leo. Mota ikirudi, tutafanya."

"Ni kazi ya dakika chache," mteja akasema. "Piga tu grainda hapo nje. Nje kuna hewa."

"Hewa iko. Na watu pia wako."

Madam akaingia. Madam alikuwa mwanamke mzuri, tena aliyetuheshimu, lakini mteja yule ndiye aliyeshikilia nusu ya kazi zetu. Akamvuta Fundi pembeni, wakaongea kwa sauti ya chini. Nikamwona mzee akitikisa kichwa, bila hasira, kama mtu anayekataa chai. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele ya benchi la grainda, mikono magotini.

Madam akageuka, macho yake yakaniangukia mimi.

"Wewe ulisomea. Unaweza?"

Nilijua naweza. Nilikuwa na barakoa. Nilifikiria pia kwamba mwanamke akikataa kazi, wiki inayofuata wataanza kumuuliza tena kama anajua kupika chai. Nikasogea. Fundi Mkubwa hakunyanyuka kunizuia. Aliniangalia tu kutoka pale chini alipokuwa amekaa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama tuko uani Ruiru.

"Maitu, ukifika nyumbani jioni, nani anakukimbilia?"

Msichana wangu wakati huo alikuwa wa umri ule wa kusubiri mlangoni. Nilikuwa sijafungua mkanda wa begi, tayari ameuzika uso wake tumboni mwangu, anavuta harufu ya nguo zangu akisema nanuka mama.

"Aca, Madam," nikasema. Lile "hapana" lilitoka kwa Kikuyu, sijui kwa nini. "Siwezi."

Mteja alibeba moldi yake akaipeleka kwingine, wakamfanyia. Hajarudi kwetu mpaka leo. Zilifuata siku ngumu, kazi zikapungua, na Madam akawa anapita karibu na Fundi Mkubwa bila kumsalimia. Hakuna aliyemshukuru yule mzee. Hata mimi sikumshukuru. Nilikuwa nawaza karo. Kisha asubuhi moja tulikuta mafundi wa umeme wakifunga mota mpya, na nyingine ya akiba ikiwa kwenye boksi lake. Madam alikuwa amesimama hapo na kikombe.

"Umeridhika?" akamuuliza.

"Waisogeze kidogo karibu na mashine," Fundi akajibu. Madam akacheka mpaka chai ikamwagika, na hapo tukajua wamepatana.

Fundi Mkubwa alistaafu mkewe alipoanza kuhitaji mashine ya oksijeni. Walihama Ruiru, wakakodi nyumba ndogo Thika upande wa mto Chania, karibu na maporomoko, ambako kuna nyasi na hewa ina majimaji. Kona ya beriliamu ilibaki mikononi mwangu. Nilikuwa nikimpigia simu nikikwama, naye alitaka kwanza kusikia kama watu wameoga.

Mwaka huu, baada ya mvua ndefu, mkewe alinipigia yeye mwenyewe. Aliongea akipumzika katikati ya maneno.

"Mwanangu, hiyo shaba. Nataka kuiona."

Sikuelewa.

"Nimekaa nayo kifuani miaka yote hii, na sijawahi kuiona na macho. Mzee nikimwambia ananyamaza. Wewe niletee."

Nilimwomba mzee ruhusa. Aliniuliza kwanza kama watu wameoga. "Rabda ni haki yake," akasema mwishowe. Kisha akaanza masharti: niioshe kwa sabuni, niikaushe, niifunge ndani ya nailoni nzito inayoonyesha, nizibe kwa moto, na nje ya nailoni nioshe tena.

Nilichagua kipande kidogo cha moldi ya kifuniko ambacho yeye mwenyewe alikikata kabla ya kustaafu, kikabaki kama akiba. Madam alikubali nitoke nacho, akaongeza na mkate mkubwa wa kuwapelekea.

Niliwakuta alasiri. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha la upande wa mto, mrija puani, mashine ikinguruma kwa upole pembeni yake. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa amefunga kitambaa kizuri cha kichwa. Fundi Mkubwa alikuwa anatengeneza chai. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na za kanisa. Kisha mama akanyoosha mkono tu, kiganja juu.

Nikaweka kile kipande kiganjani mwake.

Mkono ulishuka kidogo. Hakutegemea uzito ule. Akakisogeza kwenye mwanga. Kilikuwa kimeng'arishwa hadi mtu anajiona ndani, na nikaona anajiona, paji la uso na mrija na kitambaa, kila kitu kidogo na cha rangi ya dhahabu. Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, birika mkononi.

"Ni hii?" mama akauliza.

"Ndiyo hiyo," nikasema.

"Mimi nilidhani ni kitu cheusi." Akapumzika. "Kitu kibaya kibaya hivi, kama masizi." Akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya nailoni, penye ule mviringo wa ndani ambao kisu cha mashine kiliuzunguka bila kuacha hata mkwaruzo mmoja. Kisha akamtazama mumewe.

"Uliikata wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Umeikata vizuri, mzee."

Watu wengi waliwahi kuisifu kazi yake: wateja, Madam, mafundi. Alikuwa na jibu lake la kuwapuuza nalo. Siku hiyo alitafuta mahali pa kuweka birika, asipaone, ingawa meza ilikuwa mbele yake. Nikalichukua mkononi mwake. Akaenda akapiga magoti kando ya kile kiti, akaweka paji la uso kwenye mkono wa kiti, na mama, bila kuachia kile kipande, akaweka mkono wake mwingine juu ya kichwa chenye mvi akauacha hapo.

Chai niliimimina mimi.